Mitaro ya Nshombo

Siku tatu baada ya mlima kumfukia mdogo wake, Nshombo alikuwa bado anachokonoa udongo kwenye kucha. Alikuwa ameoga mara nyingi, ameloweka mikono katika maji ya moto na sabuni ya vyombo, lakini udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto Ohio una ukaidi wake. Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi, aliwasha gari mbele ya nyumba yake mjini Louisville akiwa amevaa suti ya kanisani, akaweka mikono juu ya usukani, akasema kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia: "Mvua. Ilikuwa mvua."

Neno hilo alikuwa amepewa na watu. Tangu Jumatatu simu haikupumzika, na kila aliyepiga, awe wa Buffalo au wa Bukavu, alikuwa amekwisha kujua kilichomuua Jean-Baptiste kabla hajaambiwa. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, mlima ukaporomoka, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Nshombo alijibu "ndiyo, mvua," kwa sababu ukiwa umechoka na mtu akakuletea kiti, unakaa bila kuuliza kiti ni cha nani. Sasa ilibaki safari ya saa nane au tisa kwenda Buffalo, kwa mjane. Huko, kama ilivyo desturi yao, mkubwa wa familia ndiye anayesimama mbele ya waombolezaji kueleza marehemu alikufaje, na mkubwa alikuwa yeye. Angeweza kusema mvua. Angeweza pia kusema kweli, na hapo Nsimire, mke wa mdogo wake, angejua ni nani aliyemfanya mjane.

Huo mlima wenyewe, ukiuona, utasema waliouchagua walikuwa na wazimu. Uko mwendo wa saa moja kutoka Louisville ukifuata mto kwenda juu, umesimama wima kiasi kwamba hata mbuzi angefikiri mara mbili. Zamani sana Wajerumani waliohamia nchi hiyo walipanda mizabibu pale, wakajenga kuta za mawe makavu kushikilia ngazi za shamba. Kisha ugonjwa ukala mizabibu, watoto wao wakaenda zao mijini, na msitu ukarudi kuchukua kilicho chake. Bibi mmoja mzungu aliyeurithi mlima huo alikuwa akikaa benchi moja na Nshombo kanisani. Siku moja alimwambia kwamba kama ana nguvu za kuusafisha, aulime, maana yeye hana mtu.

Nguvu Nshombo alikuwa nazo, na hamu zaidi. Alikuwa ametumia miaka kumi na moja katika ghala karibu na uwanja wa ndege, akipanga maboksi ya vitu asivyovijua yaende kwa watu asiowajua, bila kushika jembe hata siku moja. Mtu aliyezaliwa Walungu, karibu na Bukavu, kwenye vilima ambako mtoto hujifunza kulima kabla ya kujifunza kusoma, hiyo ni adhabu. Akampigia Jean-Baptiste simu kule Buffalo. "Kuja," akamwambia. Na Jean-Baptiste, ambaye alikuwa amepogoa mizabibu ya mkulima mmoja kando ya ziwa Erie kwa majira manane ya baridi, theluji ikimfika magotini, alikuja. Mke wake alibaki Buffalo, kwa sababu alikuwa na kazi yake ya kuhudumia wazee na hakutaka kuiacha kwa ajili ya miti. Tangu hapo mume alikuwa mtu wa Louisville kuanzia Februari hadi mavuno, na wa Buffalo wakati wa Noeli.

Siku ya kwanza alipoupanda mlima, Jean-Baptiste aliona mzabibu mmoja wa Wajerumani bado uko hai, umekwea mti hadi kileleni kama mwizi anayejificha. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikata vijiti vyake, akavipandikiza, akavilea kama mtu anavyolea mtoto njiti. Kwa miaka minne ndugu hao wawili walikata magugu, wakasimamisha kuta zilizolala hapa na pale, wakapanda mistari kumi na minne. Ghala la zamani la kukaushia tumbaku chini ya mlima walilifanya nyumba ya divai, na mwaka jana walijaza pipa la kwanza. Divai ilikuwa chungu na kali, na padri aliyeonjeshwa alifumba jicho moja. "Iko mutoto," Jean-Baptiste alisema. "Mutoto anazaliwaka na kulia." Nshombo hakuwahi kuwa na furaha kama mwaka ule tangu aondoke kwao, na haikuwa kwa sababu ya divai.

Sasa tuje kwenye mitaro, maana ndiyo iliyoleta haya yote.

Kwao, mlima usio na mitaro si shamba. Babu yao aliichimba kwa kulazimishwa na fimbo ya Mbelgiji, mitaro ya kukingama, mmoja juu ya mwingine, ya kushika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Baba yao aliichimba bila fimbo ya mtu, kwa fahari, akawafundisha wanawe kwamba mwanamume anayeacha mvua ishuke shambani mwake anavyotaka ni mtu wa hovyo. Na kweli, milima ya majirani ilishuka mtoni, wa kwao ukabaki. Kwa hiyo Nshombo alipopata mlima wake Amerika, alichimba mitaro kabla hata ya kusimamisha nguzo. Alichimba sita, mizuri, ya kina cha goti, imenyooka kama mstari wa daftari. Jioni alikuwa anasimama barabarani kuitazama tu.

Jean-Baptiste alimkanya mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka uleule.

"Yaya," alisema, maana ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa kwao, "udongo ya huku haiko kama ya kwetu. Ya kwetu inakunywa maji. Hii inayashika, na chini yake kuko jiwe laini yenye kuteleza. Patron wangu ya Buffalo, ule mwenye mizabibu, alituonesha. Maji ku mulima, unaitafutia njia itoke. Hauifungie ndani."

"Patron wako alilima mulima gani?" Nshombo alimuuliza. "Kule kwao kuko sawa na meza."

Mara ya pili Jean-Baptiste alinunua mabomba ya kutolea maji, akayapanga chini ya ukuta wa kwanza bila kusema kitu, akangoja ruhusa. Nshombo aliyatumia kufungia banda la kuku. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wamesifiwa sana kwa maneno hayo. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunja nini, pengine kwa sababu wahenga wote walikuwa wakubwa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Jean-Baptiste aliteremka akiwa amelowa hadi mfupani, akamkuta kaka yake mlangoni pa nyumba ya divai.

"Yaya, mulima imepasuka kule juu. Nimetia mukono, imeingia mpaka ku kiwiko. Bon, tuache leo. Tuite batu ya serikali baje baone."

"Ufa inazibwaka," Nshombo alisema. "Kamata jembe, jaza udongo, ukanyage. Kisha usafishe mutaro ya juu, maji ikalie mule, isimwagike."

Jean-Baptiste aliutazama mlima, akamtazama kaka yake. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa baridi peke yake. "Sawa, yaya," alisema. Akachukua jembe, akapanda.

Nshombo aliingia ndani kutafuta toroli. Alisikia kitu kama lori linamwaga kokoto, akatoka, na mistari kumi na mmoja kati ya kumi na minne haikuwepo. Watu wa zimamoto walichimba saa nne, yeye akichimba nao kwa mikono, kabla ya kumpata.

*

Chimène, binti wa kwanza wa marehemu, alikuwa anakaa Hilliard, kando ya mji wa Columbus, na alifanya kazi ya kuangalia wagonjwa majumbani. Nshombo alifika kwake saa tatu na nusu. Alimkuta amesimama kwenye maegesho na begi moja, kitambaa cheusi kichwani, macho makavu. Binti alipiga goti kidogo, akampa mkono kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.

"Pole, papa mukubwa."

"Pole na wewe, mwanangu."

Walisafiri bila maneno. Mashamba yalikuwa yamejaa maji pande zote mbili za barabara, na gari lilinuka mandazi ambayo binti alikuwa amekaanga kwa ajili ya mama yake. Nshombo alianza kutumaini kwamba watafika Buffalo vilevile, kimya. Karibu na Cleveland, Chimène akazima redio.

"Papa mukubwa, alikuwa anafanya nini kule juu, na ile mvua yote?"

Nshombo alikuwa amejiandaa kwa swali la mjane. La binti hakuliandaa, na ulimi ukamtangulia.

"Alipanda kuangalia."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Unajua baba yako na mizabibu yake."

Chimène akaitikia kwa kichwa. Akasema, akitazama dirishani, "Alinipigia siku ya Mungu, nikitoka kanisani. Aliniambia ule mulima unamutisha. Nikamwambia, basi papa, panda bisi urudi kwa mama. Akasema kwanza ataongea na wewe."

Kwenye kituo cha kwanza cha kujazia mafuta Nshombo alisimamisha gari, akaenda chooni, akatapika. Alikuwa amemdanganya yatima juu ya baba yake, tena kwa urahisi kama mtu anayemwambia mgeni saa, na alijua sasa kwamba anaweza kumdanganya na mjane, na padri, na yeyote yule. Hilo lilimtisha kuliko maiti. Alinawa uso, akajiangalia kwenye kioo, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye suti nzuri, akarudi garini, akaendesha.

*

Nyumba ya Nsimire ilikuwa ya mbao, ghorofa ya chini, upande wa magharibi wa Buffalo. Viatu vilijaa kibarazani. Ndani kulikuwa na viti vya kukunja vilivyoazimwa kanisani, wanaume ukutani, wanawake wa vitenge jikoni na sufuria zao za sombe, yaani kisamvu, na samaki, watoto kila mahali. Picha ya Jean-Baptiste ilikuwa mezani, amevaa koti la kazi na makasi ya kupogolea mfukoni. Nsimire alikuwa amekaa sakafuni, juu ya godoro, miguu imenyooshwa. Alipomwona shemeji yake hakulia kwa sauti. Alishika tu ukingo wa koti lake, akaushikilia, na Nshombo ikabidi asimame pale ameinama hadi alipoachiwa.

Msimamizi wa jumuiya yao alikuwa mzee Mizero, Mrundi mpole aliyezika nusu ya watu wa mtaa ule. Aliomba, akatoa neno, kisha akageuka.

"Sasa tunamwomba mkubwa wa familia atueleze ndugu yetu alivyotutoka."

Nshombo akasimama. Aliwaambia Jean-Baptiste alizaliwa wapi, alisoma wapi, alimwoa Nsimire lini, walivyokaa katika kambi ya wakimbizi, walivyofika Amerika. Watu waliitikia "eee" polepole, kama inavyopaswa. Akafika Jumatatu.

"Kulikuwa na mvua," alisema. "Siku ine."

"Eee," wakaitikia, na wengine wakaanza kutikisa vichwa, maana hadithi waliijua na ilikuwa imekwisha. Angeweza kukaa. Mizero alikuwa tayari anafungua kitabu cha nyimbo.

"Lakini mvua inanyeshaka ku milima yote," Nshombo alisema. "Kuta za Wajerumani zilikaa na mvua miaka mia na makumi tano. Huu mulima ulianguka sababu ya mitaro, na mitaro nilichimba mimi. Alinikataza mara tatu. Mara ya tatu aliona mulima umepasuka, akaniambia, na nikamutuma arudi juu."

Mizero alimshika kiwiko kwa upole.

"Mzee wetu, uchungu umekuzidi. Kaa, unywe maji. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haiko kazi ya Mungu. Ni mimi nilimutuma."

"Mzee amechoka," mwanamume mmoja alisema. "Ametoka mbali." Mwanamke mmoja jikoni akaanzisha wimbo wa mazishi, wengine wakaudaka, na ndani ya pumzi mbili nyumba nzima ilikuwa inaimba. Walimwimbia kwa huruma, macho yao chini, wakimfunika aibu yake kama mtu anavyomfunika mzee aliyelala vibaya. Mkubwa hashtakiwi mbele za watu. Hata akijishtaki mwenyewe, hawezi kuachwa aendelee. Nshombo alipandisha sauti, nao wakapandisha zao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua mdogo wake alivyojisikia kila alipofungua mdomo mbele yake.

"Muache kuimba."

Alikuwa Chimène. Alitoka mlangoni pa jikoni, akapita katikati ya viti. Wimbo ulikufa kidogo kidogo, mwanamke wa mwisho akamalizia ubeti peke yake kwa haya.

"Uliniambia alipanda mwenyewe," Chimène alisema.

"Nilikudanganya."

"Kabla ya kumutuma, alikuambia anaogopa?"

"Aliniambia tuache. Aliniambia tuite batu ya serikali."

"Na wewe?"

"Nilimwambia akamate jembe."

Mizero akasema, "Mwanangu, huyu ni baba yako sasa," lakini Chimène hakumgeukia. Machozi aliyoyazuia tangu Hilliard yalikuwa yanashuka hadi kidevuni, naye hakuyafuta. Alifungua mdomo amwambie Nshombo neno, na kila mtu mle ndani aliliona linakuja. Kisha malezi yake yote yakamzuia, akageuka, akaegemea ukuta, akalia kama mtoto.

"Shemeki," Nsimire akaita kutoka kwenye godoro. "Kuja hapa."

Nshombo alikwenda. Hakukuwa na kiti karibu, akakaa sakafuni na suti yake. Watu waligeuza nyuso, maana si jambo la kutazama, mkubwa kukaa chini mbele ya mke wa mdogo wake.

"Ulimutuma," Nsimire alisema.

"Nilimutuma."

"Alikuwa anaogopa. Uliona?"

"Niliona."

"Tangu azaliwe, alishakukatalia kitu hata moja?"

Nshombo alitaka kujibu haraka, akashindwa, akatafuta. Alitafuta utotoni, Jean-Baptiste akimwachia blanketi. Alitafuta kambini, Jean-Baptiste akimpisha kwenye orodha ya safari ya Amerika, akibaki nyuma miaka miwili na mke na watoto. Alitafuta siku ile ya simu, "kuja," na mtu akaacha nyumba yake. Alitafuta hata ugomvi mmoja mdogo wa kumsaidia, na hakuupata.

"Hapana."

"Na ulijua hatakukatalia na hii."

Alikuwa ameendesha kutoka Louisville kuja kukiri mitaro. Aliibeba njia nzima akidhani ndiyo mzigo wote, kosa la mkulima, la mtu aliyefuata alichofundishwa na baba yake. Hata wakati anatapika kituoni alikuwa na hicho cha kushikilia. Nsimire alimngoja. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anatafuta tu, kama mtu anayepekua kabati akijua kitu kimo humo.

"Nilijua," Nshombo alisema.

"Basi haiko mitaro, shemeki."

Akaachia hapo. Akavuta kitenge chake miguuni, akageuza uso wake upande wa picha.

Mizero alifungua kitabu, akakifunga. Jikoni chakula kilikuwa kimekwisha kuiva na kinapoa, na mwishowe msichana mmoja akatoka na sinia la kwanza, ugali wa fufu na sombe na kichwa cha samaki, akasimama katikati ya sebule asijue ampelekee nani. Alimtazama Mizero. Alimtazama Nsimire.

"Mumupatie yeye kwanza," Nsimire alisema bila kugeuka. "Yeye njo mukubwa."

Msichana akapiga goti, akaweka sinia mbele ya Nshombo pale sakafuni. Masinia mengine yakatolewa, yakapangwa mbele ya wanaume, mbele ya wanawake, mbele ya watoto, na hakuna aliyeyagusa. Walikuwa zaidi ya watu arobaini, na wengi hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Mtoto mmoja alinyoosha mkono, mama yake akaupiga kidogo, akamwonesha kwa kidevu yule mzee ambaye lazima aanze. Nshombo alielewa kwamba wangengoja hadi kesho kama angewaacha wangoje, na kwamba hakuna hata mmoja angemwambia kitu. Akakata tonge, akachovya, akala.